Mpenzi Makini wa Sinema na Filamu za Masupahiro: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila wapenzi wa filamu wanapokutana na mmoja wao akakiri kwamba ameitazama filamu ya Batman au Spider-Man mara tatu. Kila jibu linajitosheleza. Pale linapotegemea jingine, namba ya swali husika imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Filamu za masupahiro ni zipi hasa?

Ni filamu ambazo mhusika wake mkuu ana uwezo unaopita ule wa binadamu wa kawaida au, kama alivyo Batman, ana mali, mafunzo na vifaa vinavyomfikisha palepale. Wengi wa wahusika hao walizaliwa katika vitabu vya katuni vya Marekani: Superman mwaka 1938, Batman mwaka 1939, Spider-Man mwaka 1962 na Black Panther mwaka 1966. Hapa tunazungumzia zile za bajeti kubwa zinazotengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema ya dunia nzima, kuanzia Superman ya mwaka 1978 iliyoongozwa na Richard Donner.

2. Na mpenzi makini wa sinema ni nani?

Si lazima awe msomi wala mhakiki wa gazeti. Ni mtu anayetazama filamu huku akijiuliza imetengenezwaje: kwa nini kamera imekaa chini na si juu, kwa nini muziki umenyamaza, kwa nini picha imekatwa kabla mhusika hajajibu. Waliosoma fasihi ya Kiswahili shuleni watauelewa utazamaji huo kwa maneno mawili waliyofundishwa, fani na maudhui. Mtazamaji makini havitenganishi viwili hivyo, na haridhiki kusimuliwa kisa peke yake.

3. Je, mtu wa namna hiyo anaweza kuzifurahia filamu hizi kwa dhati, au anajishusha?

Anaweza, na hajishushi, ilimradi asiache nyumbani macho anayoyatumia kwa filamu nyingine. Kosa la kwanza ni kuzihukumu zote kwa jina la kundi lao. Kosa la pili, ambalo watu wenye nia njema hulifanya zaidi, ni kuzihurumia, yaani kusema kwamba filamu ya aina hii ni ya kupumzisha akili na kwa hiyo haistahili kuulizwa maswali. Filamu isiyostahili kuulizwa maswali haistahili muda wa mtu pia.

Kipimo ninachokitumia ni kimoja, na nitakirudia katika majibu yanayofuata: je, ndani ya filamu hii kuna mkono wa mtu? Ukienda kwa mafundi seremala watatu ukaagiza kiti kilekile, atakayekijua kila mmoja wao atakuambia kiti kipi kimetoka kwa nani. Filamu ya masupahiro ni kiti kilichoagizwa. Vipimo vyake vinajulikana kabla mbao hazijakatwa. Hilo halimzuii fundi kuonekana.

4. Je, hadithi za watu wanaoruka angani si za watoto?

Fumo Liyongo hakuweza kuuawa kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ichomwe kitovuni mwake, na aliyemchoma alikuwa mwanawe mwenyewe. Alikufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wa mji wakakaa na kiu kwa kuogopa kumkaribia wakidhani yu hai. Hakuna mwalimu wa fasihi aliyewahi kuuweka kando utendi huo kwa sababu nguvu za shujaa wake hazipatikani duniani. Tunaupima kwa ubeti, kwa usaliti wa mtoto kwa baba, kwa ile picha ya maiti inayolinda maji. Nguvu za ajabu ni mlango wa hadithi, na cha kuchunguza ni kile mtunzi alichokiweka ndani baada ya kuufungua.

## Hoja ya Scorsese na majibu yake

5. Martin Scorsese alisema nini hasa?

Mnamo Oktoba 2019, katika mahojiano na jarida la Empire, mwongozaji huyo wa Marekani alisema kwamba filamu za Marvel, kampuni inayotengeneza nyingi za filamu hizi, si sinema, akazilinganisha na viwanja vya burudani na bembea. Tarehe 4 Novemba mwaka huohuo aliandika makala katika gazeti la New York Times kuifafanua kauli yake, na makala hiyo ndiyo inayostahili kusomwa kuliko vichwa vya habari vilivyoizunguka.

Humo alikiri kwamba wanaozitengeneza wana vipaji vikubwa, na kwamba huenda yeye mwenyewe angezipenda kama angezaliwa baadaye. Malalamiko yake yalikuwa mawili. La kwanza ni kwamba katika filamu hizo hakuna kinachohatarishwa: kila kitu kimepimwa, kimejaribiwa na kurekebishwa mpaka kikawa tayari kuliwa. La pili, ambalo naliona zito zaidi, ni kwamba zimejaza kumbi za sinema hata filamu za watu wanaothubutu zikakosa mahali pa kuonyeshwa kwenye skrini kubwa.

Katika hilo la pili sina ubishi naye. Mtu anaweza kuipenda The Dark Knight kwa moyo wote na bado akaumia kuona jumba lenye kumbi sita likionyesha filamu mbili tu.

6. Kama steringi, yaani mhusika mkuu, hafi, taharuki inatoka wapi?

Hili ndilo swali lililo moyoni mwa ubishi wote, nami nalichukulia kwa uzito kwa sababu ndilo lalamiko la kwanza la Scorsese kwa maneno ya Kiswahili. Kila aliyekulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video, anaijua kanuni hiyo. Steringi atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, na mwisho atarudi. Hata hivyo kibanda kizima hunyamaza anapotupwa mtoni, jambo linaloonyesha kwamba watazamaji hawangojei kujua kama atapona.

Zipo taharuki za aina mbili. Moja huuliza, “Atapona?” Nyingine huuliza, “Akipona, atakuwa amepoteza nini?” Filamu dhaifu za masupahiro zinaitegemea ya kwanza peke yake, na kwa kuwa jibu lake linajulikana, hulazimika kuongeza ukubwa wa kelele: leo mji unaanguka, kesho sayari, keshokutwa ulimwengu mzima. Zile nzuri huijenga ya pili. Katika The Dark Knight ya Christopher Nolan (2008), Batman anaambiwa kwamba watu wawili wamefungwa katika majengo mawili tofauti na kwamba hana muda wa kuwaokoa wote. Anachagua, anakimbia, anafungua mlango, na kumbe Joker, adui yake, amezibadilisha anwani. Mwanamke aliyemchagua anakufa mahali pengine. Steringi yu hai, na tangu hapo kila hatua yake ina uzito ambao hakuna ngumi ingeweza kuuleta.

7. Wapenzi wa sinema wa zamani walizionaje filamu za watu wengi?

Utamaduni wenyewe wa kuitazama sinema kwa makini ulijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya filamu za biashara. Vijana waliokuwa wakiandika katika jarida la Cahiers du cinéma mjini Paris miaka ya 1950, wakiwemo François Truffaut, Éric Rohmer na Claude Chabrol, waliwatetea waongozaji Alfred Hitchcock na Howard Hawks wakati ambapo wengi waliwaona watu hao kuwa watumbuizaji tu. Rohmer na Chabrol walitoa kitabu juu ya Hitchcock mwaka 1957, na Truffaut akachapisha mazungumzo yake marefu naye mwaka 1966. Walichokitafuta ni kile nilichokiita mkono wa mtu (swali la 3): namna mwongozaji anavyojionyesha hata anapopewa hadithi ambayo hakuichagua.

Hata hivyo mfano huu usitumiwe kama ngao ya kila filamu. Vijana wale walizikataa filamu nyingi kuliko walizozisifu. Isitoshe, siku hizi filamu moja ya aina hii kugharimu dola milioni 200 ni jambo la kawaida, na fedha za kiasi hicho huja na macho mengi ya kumsimamia mwongozaji.

## Mahali pa kuanzia

8. Sijawahi kuitazama hata moja kwa makini. Nianze na ipi?

Superman ya 1978, na hasa onyesho moja. Clark Kent, yaani Superman akijificha kama mtu wa kawaida, amekuja nyumbani kwa Lois Lane, mwanamke anayempenda, naye Lois yumo chumbani akijitayarisha. Akiwa peke yake sebuleni, Christopher Reeve anavua miwani, ananyoosha mgongo, mabega yanapanuka, sauti inashuka. Mbele ya macho yetu anakuwa mtu mwingine na mrefu zaidi, tayari kusema ukweli. Lois anarudi, ujasiri unamtoka, mgongo unapinda tena, miwani inarudi usoni. Hakuna hila ya kamera wala kompyuta, ni mwili wa mwigizaji peke yake. Mtu akiuliza tena inakuwaje watu wasimtambue Superman kwa sababu ya miwani, mwonyeshe sekunde hizo. Aliyeipiga picha filamu hiyo, Geoffrey Unsworth, alifariki kabla haijatoka, nayo ikatolewa kwa heshima yake.

9. Kwa nini Spider-Man 2 inasifiwa na watu wasiopenda aina hii?

Kwa sababu Sam Raimi, aliyeiongoza mwaka 2004, alitoka kwenye filamu za kutisha za bajeti ndogo na hakuuficha mkono wake alipopewa fedha nyingi. Tazama onyesho la hospitali. Madaktari wanataka kuikata mikono ya chuma iliyoshikamana na mgongo wa Daktari Octopus, na mikono hiyo inaamka. Muziki haupo. Tunasikia mayowe na vyuma, tunaona vivuli ukutani, na mwanamke mmoja anaburutwa huku kucha zake zikikwaruza sakafu. Hiyo ni filamu ya kutisha kamili iliyowekwa katikati ya filamu ya familia.

Kisha lipo onyesho la treni, ambalo naliona kuwa bora kuliko yote katika utanzu huu. Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man, amesimama mbele ya treni isiyo na breki, uso wazi bila kinyago, akiyarushia majengo ya pande zote mbili nyuzi zake na kuzivuta mpaka nguo inachanika. Treni inasimama. Anazimia na kuanza kuangukia mbele, na hapo mikono ya abiria inamdaka, inamwingiza ndani, inampitisha juu ya vichwa vyao mpaka inamlaza sakafuni. Wanamtazama. Mmoja anasema kwamba huyu ni kijana tu, hamzidi umri mwanawe. Watoto wawili wanamrudishia kinyago na kumwahidi kwamba hawatamwambia mtu. Mji aliodhani anaubeba peke yake umembeba yeye, na filamu haikuhitaji hotuba kulisema hilo.

10. Je, picha za kompyuta haziui sanaa?

Kinachoua ni kuzitumia bila kuamua chochote (swali la 13). Mfano wa kinyume chake ni Spider-Man: Into the Spider-Verse ya mwaka 2018, iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni. Filamu huwa na fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Katika sehemu za mwanzo, Miles Morales, kijana ambaye bado hajaujua uwezo wake, amechorwa kwa picha 12 tu kwa sekunde, kila moja ikishikiliwa kwa fremu mbili. Mwenzake mzoefu anapoteleza hewani kwa fremu zote 24, Miles anakwenda kwa mikwaruzo. Wengi hawalitambui hilo kwa macho, lakini wanahisi kwamba mmoja anaweza na mwingine anajifunza. Baadaye mwendo wake unanyooka.

Anapojirusha kutoka ghorofani kwa mara ya kwanza akiwa tayari, kioo alichokishikilia kinavunjika na kuondoka na vidole vyake, kwa kuwa bado anaogopa kuachia. Kisha picha inapinduliwa, mji ukawa juu na yeye chini, hata anayeanguka akaonekana anapaa.

11. The Dark Knight ni nzuri kama inavyosemwa?

Karibu. Uigizaji wa Heath Ledger kama Joker, mwigizaji aliyefariki Januari 2008 kabla filamu haijatoka na kupewa Oscar mwaka uliofuata, haujachakaa. Lori linalobinuka lilibinuliwa kweli katika mtaa wa LaSalle mjini Chicago, na uzito wake unaonekana. Udhaifu wake ni maneno: wahusika wanaieleza dhamira ya filamu kwa sauti, mara nyingi baada ya picha kuwa imekwisha kuieleza.

12. Black Panther inatuhusu vipi, na je, ni filamu nzuri au tunaipenda kwa sababu ya sura zake?

Yote mawili yanawezekana kwa pamoja, na si aibu. Ilipotoka mwaka 2018, watu wa Afrika Mashariki walimwona Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya, akiwa Nakia, mpelelezi mwenye msimamo wake wa kisiasa na si pambo la mfalme. Ruth E. Carter alibuni maleba kwa kuchota kwa Wamaasai, Wahimba, Wasotho na Wazulu. Mtu anaweza kulalamika kwamba mchanganyiko huo unalifanya bara zima kuwa kabati moja la nguo, na lalamiko hilo lina haki ya kusikilizwa. Jibu langu ni kwamba Wakanda ni nchi ya kubuni, na ubunifu huo umefanywa na watu waliosoma walichokiazima. Mtunzi wa muziki wake, Ludwig Göransson, alisafiri hadi Senegal na kufanya kazi na mwimbaji Baaba Maal, ambaye sauti yake ndiyo inayotukaribisha Wakanda. Katika muziki huo T'Challa, mfalme wa Wakanda, ana ngoma ya tama, na Killmonger, hasimu wake, ana filimbi ya Kifulani. Maleba, usanifu wa mandhari na muziki vyote vilipata Oscar, na filamu yenyewe ilikuwa ya kwanza ya masupahiro kushindania Oscar ya filamu bora.

Lakini sababu ya kuiita filamu nzuri ni nyingine. Mwongozaji wake, Ryan Coogler, alizaliwa Oakland, California, na filamu yake ya kwanza ndefu ilihusu kijana mweusi aliyeuawa na polisi mjini humo. T'Challa anapokunywa dawa ya kwenda kwa wazee wake, anafika kwenye mbuga pana, chui weusi wakiwa mtini, anga la zambarau. Killmonger anapokunywa dawa ileile, anafika kwenye nyumba ndogo ya kupanga ya Oakland, ileile aliyomkuta baba yake amekufa. Anga la zambarau lipo, ila nje ya dirisha. Baba anazungumza na mtoto, kisha kamera inarudi na aliyeketi pale ni mtu mzima mwenye machozi. Mmoja amerithi mbuga na mwenzake amerithi chumba. Historia yote ya waliochukuliwa na waliobaki imewekwa katika tofauti ya mahali pawili, bila ngumi hata moja, na hakuna ofisi ya studio ingeweza kumwandikia Coogler onyesho hilo.

Pambano la mwisho kwenye reli ya chini ya ardhi ni baya. Miili miwili ya kompyuta isiyo na uzito inarushana gizani, na kila anayeipenda filamu hii analijua hilo.

## Malalamiko ya kawaida

13. Kwa nini nyingi zinafanana?

Sababu kubwa ni mpangilio wa kazi. Mapambano hutayarishwa kwa michoro ya kompyuta miezi mingi kabla ya upigaji picha, na kikundi kilekile kinaweza kuwatumikia waongozaji tofauti. Mwongozaji wa Argentina, Lucrecia Martel, amesimulia hadharani kwamba alipozungumza na Marvel kuhusu filamu ya Black Widow aliambiwa asijisumbue na maonyesho ya mapigano. Filamu hiyo hakuiongoza yeye, na ni rahisi kuona kosa la ushauri huo: namna mtu anavyopiga na kupigwa ni sehemu ya tabia yake, na mwongozaji anayenyang'anywa hilo amenyang'anywa mhusika.

Sababu nyingine ni mwanga. Waigizaji wakisimama mbele ya pazia la bluu huku mandhari ikisubiri kuamuliwa baadaye, mpigapicha hulazimika kuwamulika kwa namna isiyofunga mlango wowote, na matokeo yake ni uso usio na kivuli wala saa ya siku.

14. Ni lazima nizitazame zote kwa mpangilio?

Hapana. Kuanzia Iron Man (2008) hadi Avengers: Endgame (2019) zipo filamu 22 za Marvel zinazofuatana, na hiyo Endgame, yenye dakika 181, haieleweki vizuri kwa asiyezijua zilizotangulia. Raha yake ni ile ya riwaya za magazetini zilizoishia na neno “itaendelea”: raha ya kweli, lakini hudai uaminifu wa miaka. Zilizotajwa katika maswali ya 8 hadi 12 zinasimama zenyewe. Spider-Man 2 hufaidika ukiwa umeiona ya kwanza.

15. Filamu iliyoingiza mabilioni si imethibitisha ubora wake?

Haijathibitisha ubora wala ubovu. Endgame iliingiza karibu dola bilioni 2.8, na takwimu hiyo inatuambia idadi ya tiketi.

16. Je, kuna filamu ya masupahiro iliyoheshimiwa na matamasha makubwa?

Joker ya Todd Phillips ilipata Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice, Septemba 2019, jopo la waamuzi likiongozwa na huyohuyo Lucrecia Martel. Mimi naiona kuwa filamu iliyoazima sana na kurudisha kidogo, ingawa muziki wa Hildur Guðnadóttir ni wa pekee. Kuonekana ya huzuni na yenye rangi za kutu hakuifanyi filamu kuwa makini kuliko Spider-Man 2 yenye rangi za peremende.

## Maswali ya pembezoni

17. Nimeitazama filamu ikiwa imesimuliwa na DJ kwa Kiswahili. Je, nimeitazama?

Umetazama kazi mbili kwa wakati mmoja. Usimuliaji wa watu kama Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya ni sanaa yenye kanuni zake, na umewapa mamilioni ya watu sinema ambayo lugha yake ingewafungia nje. Lakini msimuliaji hukaa juu ya sauti ya filamu. Mimi mwenyewe niliitazama Spider-Man 2 kwa mara ya kwanza kibandani, sauti ya msimuliaji ikiwa imejaza kila pengo, na ilipita miaka kabla sijajua kwamba onyesho la hospitali halina muziki. Tazama zote mbili.

18. Je, simu inatosha?

Inatosha kwa onyesho la miwani la Reeve. Haitoshi kwa The Dark Knight, ambayo baadhi ya sehemu zake, ikiwemo ile ya wizi wa benki mwanzoni, zilipigwa kwa kamera kubwa za IMAX ili zijaze ukuta.

19. Nimejaribu kwa nia njema na bado sizipendi. Nina kasoro?

Huna. Ila useme ni ipi uliyoitazama na ni kipi kilichokukera, kama ambavyo ungefanya kwa filamu ya Kijapani au ya Kihindi.

20. Kijana wangu hatazami kitu kingine. Nimpeleke wapi kutoka hapo?

Mpeleke kwa wale ambao filamu hizi zimewaazima. Aliyependa msako wa The Dark Knight ataiweza Heat ya Michael Mann (1995). Aliyeguswa na chumba cha Killmonger yuko tayari kwa ile filamu ya kwanza ya Coogler, Fruitvale Station.

Na akishafikia umri wa kuitazama Logan ya James Mangold (2017), ambayo ina damu nyingi na si ya watoto, mtafutie mara moja Shane, filamu ya kauboi ya mwaka 1953. Ndani ya Logan, mzee mgonjwa na msichana aitwaye Laura wameketi katika chumba cha hoteli wakiitazama Shane kwenye runinga. Mzee anaeleza kwamba aliiona akiwa mtoto, na msichana, ambaye hajawahi kufundishwa namna ya kuomboleza, haondoi macho. Mwishoni anasimama kwenye kaburi bila maneno yake mwenyewe, naye anayasema yale aliyoyasikia kwenye runinga ile.